Amazing Grace: ibada ya Aretha Franklin iliyokaa kabatini miaka 46

Katika dakika zote 87 za filamu hii ya ibada, mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin haongei karibu chochote. Anapita katikati ya viti, anaketi kwenye piano, anaanza "Wholy Holy" ya Marvin Gaye. Maneno yote ni ya Mchungaji James Cleveland: ndiye anayekaribisha watu, ndiye anayewachangamsha, ndiye anayewakumbusha kwamba wamekuja ibadani. Aretha kaja kuimba. Ana miaka 29, taa za kamera zinamchoma, jasho linamtiririka shingoni, na wala halijali.

Picha zilipigwa usiku wa tarehe 13 na 14 Januari 1972 katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Watts, Los Angeles, jengo ambalo kabla ya hapo lilikuwa ukumbi wa sinema. Santuri ya ibada hizo mbili ilitoka mwaka uleule na kuuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Filamu yenyewe ilioneshwa hadharani mara ya kwanza Novemba 2018, New York. Kati ya hapo walizaliwa watu, wakakua, wakapata wajukuu, na wote wakaisikia ibada hii bila kuiona.

Kazi yangu ni kuhariri video, na nyingi kati ya hizo ni za kwaya. Ndiyo maana nimeitazama filamu hii kwa jicho la fundi na kwa sikio la mwimbaji wa sauti ya pili, na ndiyo maana chanzo cha kuchelewa kwake kinaniuma kuliko hadithi nyingine yoyote ya filamu zilizokwama.

Mwongozaji alikuwa Sydney Pollack, bingwa wa filamu za kuigiza. Alikuja na kamera za milimita 16 na kuzitawanya kanisani. Kamera za namna hiyo hazikurekodi sauti. Sauti ilirekodiwa pembeni, kwenye mitambo ya kampuni ya santuri. Ili vitu hivi viwili vikutane baadaye, mtu husimama mbele ya kamera na kile kibao cheupe na cheusi, akakipiga pa! Mhariri anatafuta fremu, yaani ile picha moja kwenye mkanda, ambamo kibao kinagongana, anatafuta mlio wake kwenye utepe wa sauti, anavibana pamoja. Basi, kazi imeanza. Usiku ule wa Watts vibao havikupigwa.

Asiyehariri anaweza kuona ni jambo dogo. Mkanda wa milimita 16 wa futi 400 huisha kwa dakika kama 11. Kila kamera inawashwa na kuzimwa kwa wakati wake, mpiga picha anabadilisha mkanda huku kwaya inaendelea, anawasha tena katikati ya ubeti. Unabaki na vipande chungu nzima, vyote bubu, na midomo inayoimba "haleluya" ambayo ni lazima ujue ni haleluya ipi kati ya mamia. Ni sawa na kumtafutia kila kiatu mwenzake gizani. Na jicho la binadamu halisamehe: sekunde moja ina fremu 24, ukikosea fremu tatu tu mtazamaji anahisi kuna kitu kimekaa vibaya, hata kama hawezi kukitaja. Kwa vifaa vya mwaka 1972 walishindwa, na kampuni ya filamu ya Warner Bros. ikaiweka kazi yote stoo.

Pollack alifariki mwaka 2008. Mwaka mmoja kabla, mtayarishaji wa muziki Alan Elliott alikuwa amezinunua zile picha, na kwa msaada wa kompyuta akafanikiwa kuzipatanisha na sauti. Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha furaha.

Lakini Aretha mwenyewe alikataa. Alikwenda mahakamani mwaka 2011, akarudi tena mwaka 2015 filamu ilipopangwa kuoneshwa kwenye tamasha la Telluride. Jaji wa mahakama ya shirikisho huko Colorado akaizuia saa chache kabla. Hoja ya Aretha ilikuwa kwamba sura yake na sauti yake haviwezi kuuzwa bila ridhaa yake. Nimewasikia mashabiki wakimlaumu, eti aliunyima ulimwengu zawadi. Siungani nao hata kidogo. Huyu ni mwanamke aliyeimba tangu utotoni katika biashara iliyozoea kuwalipa waimbaji weusi makombo. Kwamba picha ni nzuri hakumpi mtu mwingine haki ya kuzitoa. Alifariki tarehe 16 Agosti 2018; familia yake ikaiona filamu, ikakubali, ndipo ikatoka.

Kwa hiyo ilichelewa mara mbili, na naomba tusizichanganye. Mara ya kwanza ulikuwa uzembe wa kazi, na uliwanyang'anya watu kitu chao. Mara ya pili ilikuwa haki ya mwenye mali, na kusubiri ndiyo ilikuwa njia pekee ya heshima. Hata The Other Side of the Wind ya mwongozaji Orson Welles, iliyoanza kupigwa mwaka 1970 na kutoka mwaka huohuo wa 2018, ilikwama kwa mivutano ya fedha na umiliki huku mkanda wake ukifungiwa Paris. Lakini Welles alitaka itoke, alikufa akiitaka. Na afadhali hizo zilitoka. Filamu ya Batgirl ilipigwa picha kwa gharama ya dola kama milioni 90, na Agosti 2022 Warner Bros. Discovery ikatangaza haitatoka kabisa, huku hesabu za kodi zikitajwa kuwa sababu kubwa. Hapo sioni haki ya msanii yeyote iliyolindwa. Waigizaji walishamaliza kazi yao.

Turudi kanisani. Wimbo uliobeba jina la filamu ndio kilele cha usiku wa kwanza. Aretha anaunyoosha kila mkato wa neno mpaka unasahau kwamba unaufahamu wimbo huu tangu Shule ya Jumapili. Cleveland, aliyekuwa kwenye piano, anashindwa kuendelea, anakaa pembeni na kuuficha uso akilia. Kwenye santuri hilo hulioni. Humwoni pia Alexander Hamilton, kiongozi wa kwaya ya Southern California Community Choir, ambaye mikono yake ni somo zima: jinsi anavyowazuia sauti ya tatu wasitangulie, kisha anawaachia. Ningemlipa mtu anioneshe mikono hiyo peke yake kwa saa nzima.

Usiku wa pili watu wamejaa zaidi, Mick Jagger na Charlie Watts wa bendi ya Rolling Stones wamo nyuma kule. Mbele amekaa baba yake Aretha, Mchungaji C. L. Franklin, na Clara Ward, mwimbaji wa injili ambaye Aretha alijifunza mengi kwake. Baba anainuka na kitambaa, anamfuta binti yake jasho usoni huku anaimba, naye haachi wimbo. Hiyo peke yake inatosha kulipia tiketi.

Kasoro zipo. Picha nyingi zina ukungu, kwa kuwa wapiga picha wanahangaika kutafuta shabaha, na Pollack mwenyewe anaonekana akiwaashiria waelekee huku au kule. Hizo nazisamehe zote. Afadhali mkono unaotetemeka kuliko kamera iliyolala. Nisichokisamehe ni ukataji. Mara kadhaa tunaondolewa kwa Aretha katikati ya sentensi ya wimbo ili tuoneshwe uso wa mtu maarufu. Na anayezijua rekodi kamili za siku hizo mbili, zilizotolewa mwaka 1999, atagundua kwamba dakika 87 zimeacha mengi nje.

Itazame kwa spika nzuri au headphone, sauti ikiwa juu, bila kusimamisha. Na familia ikiridhia, ningependa siku moja tupewe siku hizo mbili zote, wimbo kwa wimbo, bila kukata, pamoja na zile fremu zenye ukungu.