Ofisi ya msaada wa sheria iliyomhesabia kaka yangu miaka yake

Wenye ndugu ndani someni hii. Kuna ofisi ya msaada wa sheria hapa Kampala, hawachukui hata shilingi, mimi niliijua tukiwa tumebakiza siku tatu tu za kukata rufaa.

Kaka yangu alikaa rimandi, yaani ndani akingoja kesi, miaka miwili kamili halafu korti ikampa tisa. Wakili tuliyemlipa akatuambia tushukuru Mungu, kesi imeisha, na shemeji kule Busia analia kwa simu hata sisikii anasema nini.

Yule dada wa mezani alisoma hukumu mara mbili, akageuza bahasha ya kaki akaandika 9, chini yake 2, akapiga mstari, 7. Akaniambia mama, hii miwili ya rimandi hawajaitoa, na tangu kesi ya Rwabugande 2017 Supreme Court, mahakama ya juu kabisa ya Uganda, ilishasema lazima itolewe kwa hesabu kabisa, si jaji kusema tu ameifikiria. Halafu mfungwa mwenye tabia nzuri anapunguziwa theluthi, kwa hiyo ile 9 angetumikia 6, lakini 7 ni miaka 4 na miezi 8. Jamani mwaka mzima na miezi minne ya mtu, iko pale nyuma ya bahasha!

Notisi ya rufaa ni siku 14 tangu hukumu, sisi tulikuwa ya 11, wakaiandika siku hiyohiyo.

Nilimuuliza huyo dada mbona magereza yamefurika hivi, wezi wamezidi? Akasema angalia wangapi wanaingia na pia kila mmoja anakaa muda gani, hata wakiingia walewale, ukirefusha kukaa jela itajaa tu. Akanipa mfano, Marekani mwaka 1994 serikali kuu iliahidi pesa za kujenga jela kwa majimbo ambako wafungwa wa makosa ya kutumia nguvu wanatumikia si chini ya asilimia 85 ya kifungo. Na hapa kwetu kifungo cha maisha kilikuwa kinahesabiwa miaka 20, mpaka 2011 Supreme Court iliposema ni hadi mtu afe. Hiyo iliniuma sana, kaka analala wodi moja ya jela na mzee wa kifungo hicho.

Ubaya wao ni foleni, benchi ni moja, fika saa moja asubuhi, na simu hawashiki. Anayejua Kiswahili vizuri ni huyo dada peke yake.

Rufaa ilichukua karibu mwaka lakini miwili ikatolewa. Mkienda bebeni nakala ya hukumu na tarehe aliyokamatwa, bila hizo watawarudisha nyumbani.