Kuirekebisha hadithi ya mwenzako: uzoefu wangu na African Storybook

Ninafundisha darasa la pili, ambako vitabu vya hadithi vinavyowafaa watoto wanaoanza kusoma havitoshi kamwe. Kwa sababu hiyo nimekuwa mtumiaji wa African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, inayotoa bure hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Wengi huisifu kwa sababu ya kupakua. Mimi naisifu zaidi kwa kile inachomruhusu mwalimu kukifanya na hadithi ya mwenzake.

Hadithi zimepangwa katika ngazi tano, kuanzia za maneno ya mwanzo hadi zile ambazo mwalimu huwasomea watoto kwa sauti. Ukishajisajili, unaweza kuichukua hadithi iliyopo, ukaitafsiri au ukairekebisha, kisha ukaichapisha humo humo. Chukulia sentensi ya namna hii: "Mama alipokuwa akirudi kutoka shambani alimkuta Juma amelala chini ya mwembe huku mbuzi wakila mahindi." Mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi huchoka kabla hajawafikia mbuzi. Mimi huigawa: "Mama alirudi nyumbani. Juma alikuwa amelala. Mbuzi walikula mahindi." Mwembe nauacha, kwa kuwa umo kwenye picha na watoto watautaja wenyewe. Picha, kwa kweli, ndiyo inayotawala kazi hii, maana maandishi hubadilika kirahisi lakini mbuzi aliyekwisha kuchorwa hageuki kuwa ng'ombe.

Kinachonipa utulivu ni leseni za Creative Commons, yaani vibali ambavyo mwenye kazi huvitoa mapema ili wengine waitumie kwa masharti. Hadithi yenye leseni ya BY inaruhusiwa kunakiliwa, kurekebishwa na hata kuuzwa, mradi mwandishi atajwe na ielezwe kwamba kazi imebadilishwa. Yenye alama ya NC, yaani isiyo ya biashara, haiuzwi. Ukurasa wa mwisho hubeba majina ya mwandishi, mchoraji na aliyetafsiri au kurekebisha, pamoja na leseni yenyewe. Niliwahi kukuta kitini kikiuzwa chenye hadithi za BY kutoka maktaba hii, majina yote yamefutwa. Wenzangu walilalamikia bei, ilhali kuuza kulikuwa halali. Kosa lilikuwa kuwafuta wenye kazi.

Kwa kuwa watumiaji wenyewe ndio wanaochapisha, Kiswahili cha vitabu hakiwezi kuwa cha kiwango kimoja, hivyo soma kitabu chote kabla ya kukiingiza darasani. Shule isiyo na intaneti ya uhakika inaweza kupakua vitabu mapema kwenye programu ya simu, au kuchapa PDF. Mwalimu anayetaka kitabu tayari atakipata, lakini atakayefaidi zaidi ni yule aliye tayari kukaa jioni moja akipunguza maneno.