Oppo BDP-103: kicheza diski kinachofaa kuhifadhi SACD zako
Diski ya SACD (Super Audio CD, CD ya muziki yenye sauti ya ubora wa juu), iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1999, ina tabaka la sauti bora ambalo kisomaji cha kawaida cha kompyuta hakiwezi kulisoma, hivyo mwenye diski zake anayetaka kuzihifadhi hulazimika kutumia mashine ya sebuleni. Kwa kazi hiyo naipendelea Oppo BDP-103: programu ndogo huwekwa kwenye fleshi, mashine huunganishwa na mtandao wa nyumbani, kisha kompyuta huvuta nakala nzima ya diski kama faili la ISO. Humo hutolewa mafaili ya DSF, yenye sauti ileile ya DSD (mfumo wa kidijitali wa kurekodi sauti unaotumika kwenye SACD) ya biti 1 na sampuli milioni 2.8224 kwa sekunde, yakibeba pia majina ya nyimbo na wasanii, jambo ambalo DFF, aina nyingine ya faili la sauti ya DSD, hulimudu kwa shida. Maandalizi ya mara ya kwanza yanachosha, tena mtengenezaji hakuyaandikia maelekezo. Kwa kuwa Oppo ilitangaza mwaka 2018 kuacha kutengeneza vicheza diski, mnunuzi wa iliyotumika akague trei na lenzi kabla ya kulipa. PlayStation 3 za mwanzo nazo huweza, ila kupata yenye programu endeshi ya zamani ni bahati.