Jiko la Pipa kutoka Kamukunji: Miezi Mitatu ya Sikukuu Zetu za Ajabu Ajabu

Nianze na bei kwa sababu najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 4,200. Fundi alianzia 6,500, mimi nikaanzia 3,000, na hapo katikati tulisutana kwa heshima karibu nusu saa. Ni jiko la kuchomea nyama, pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Nusu ya chini ndiyo tumbo la mkaa, nusu ya juu ndiyo mfuniko. Miguu minne ya chuma, wavu wa nondo nyembamba, bawaba mbili nyuma, mpini mmoja mbele. Tulilinunua Mei Mosi 2025 kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, tukalipandisha mpaka paa la ploti yetu Umoja, orofa tano bila lifti, na tumelitumia mpaka Agosti.

Matumizi yetu lazima niyaeleze, maana anayechoma nyama Krismasi tu hana haja ya kusoma haya. Sisi nyumbani tuna ugonjwa. Wifi yangu anaishi Houston, na miaka miwili iliyopita alimtumia binti yangu Neema kalenda ya Kimarekani ambayo karibu kila tarehe ina sherehe yake: siku ya donati, siku ya aiskrimu, siku ya tikiti maji. Neema, wakati huo akiwa na miaka tisa, aliona nchi yake imepunjwa. Akachukua kalamu nyekundu, akaingiza Madaraka, Mashujaa, Jamhuri na Idd zote mbili, akaibandika kwenye friji. Tangu siku hiyo, kilichoandikwa pale kinasherehekewa. Baba Neema ndiye angepinga, lakini alihongwa kwa nyama.

Sasa jiko. Fundi alinipa onyo moja tu: “Mama, uliwashe tupu kwanza, saa nzima, rangi iungue iishe.” Nikaitikia. Nikasahau.

Madaraka ilipofika, tarehe 1 Juni, ilikuwa Jumapili, kwa hiyo Jumatatu nayo ikawa ya mapumziko na ploti nzima ikaamua kufua. Paa lilikuwa limejaa shuka, sare za shule na blanketi moja jeupe ambalo sitalisahau. Nikawasha. Kilichotoka hakikuwa moshi wa mkaa. Kilikuwa kitu cheusi, kizito, chenye harufu ya gereji, na kikaelekea moja kwa moja kwenye lile blanketi. Nilifua nguo za watu watatu siku hiyo, na mbuzi akaliwa saa kumi na moja jioni. Kosa langu, si la fundi, lakini nawaambia msije mkalirudia. Na kabla hamjalipa, ulizeni pipa lilikuwa na nini. Langu lilikuwa la mafuta ya kupikia. Bado lilikuwa na karatasi yake ubavuni. Kama muuzaji anababaika, nendeni kwa mwingine, wapo wengi. Wavu nao usiwe ule unaong'aa wa kupakwa zinki, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Takeni nondo tupu.

Tulipokuwa tukingoja nyama, mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Shosho, aliamuru wimbo wa taifa. Beti zote tatu, ingawa nchi nzima huishia ule wa kwanza. Mimi ni mtu wa Pwani, nikapata nafasi ya kuringa: sauti ya wimbo huo ilitolewa kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo wa kumbembeleza mtoto. Jabali, mwenye miaka saba, akaushuhudia ukweli huo kwa kusinzia kwenye ubeti wa tatu akiwa amesimama.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 6, ndipo jiko lilipotiwa kwenye mizani. Kalenda ya Marekani huweka siku ya donati Ijumaa ya kwanza ya Juni. Jeshi la Wokovu ndilo lililoianzisha Chicago mwaka 1938, kuwakumbuka wanawake wake waliowakaangia wanajeshi donati kule Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ijumaa hiyo hiyo ikawa Idd ya kuchinja, na serikali ikatoa mapumziko. Nikaona nikaange juu ya paa, watoto wapate nafasi. Nikaweka karai la mafuta katikati ya wavu. Baada ya dakika kumi nikaona mafuta yameinama upande mmoja. Wavu ulikuwa umebonyea kama kitanda cha kamba. Nililishika karai kwa leso mbili nikalitoa polepole, moyo uko kooni. Nondo za milimita sita hazibebi karai, zinabeba nyama. Nilipolirudisha jiko, fundi aliongeza vyuma viwili vya kukingama chini ya wavu, bure, ingawa alinuna kidogo. Mkiagiza, mwambieni aviweke mapema.

Donati zenyewe zilikuwa mahamri, tusidanganyane: tui la nazi, iliki, unga uliolala usiku. Neema alizitoboa katikati kwa kifuniko cha chupa ili zifuate sheria. Jirani yetu Mama Swafiya, mzaliwa wa Lamu, akapanda na sinia la nyama ya Idd, akaokota moja, akachungulia ndani ya tundu. “Na hapa pamekwenda wapi? Mmeibiwa?” Nyama yake tuliipanga juu ya mkaa uliobaki, na hiyo ndiyo iliyotufundisha tabia ya jiko. Fundi alitoboa matundu ya hewa upande wa kushoto tu. Kushoto moto unavuma, kulia umelala. Baba Neema aliita kushoto Garissa, kwa joto lake, na kulia Limuru, kwa baridi yake, na majina yamebaki. Mbavu zinaanzia Limuru taratibu, zinamalizia Garissa dakika tano. Nilidhani ni kasoro nikataka kulalamika. Sasa mtu akitaka kutoboa upande wa pili nitamzuia.

Mwisho wa Juni wifi akaja likizo na wanawe wawili. Huko kwao ni kiangazi, kwetu ni kipupwe, na maskini walikuwa wameambiwa wanakwenda Afrika, wakafungasha kaptura. Asubuhi ya kwanza nyuzi joto 12. Walivaa sweta za Baba Neema wiki tatu.

Kwa hiyo Julai 4 tuliwafanyia ya kwao, jioni baada ya shule. Badala ya hotdogi, smoki, zile soseji zetu za moshi: tunazichoma kwanza, tunazipasua, tunazishindilia kachumbari na pilipili, kama za kijana wa mkokoteni pale stendi. Jiko hapa ni mfalme. Smoki arubaini zinaingia kwa mpigo mmoja. Wifi alituhadithia mashindano ya kula hotdogi yanayofanyika kila Julai 4 Coney Island, New York. Joey Chestnut alikula 76 kwa dakika 10 mwaka 2021. Watoto wakataka yao. Jabali alishinda kwa smoki nne na nusu, kisha akaomba alale. Fataki hatukuwa nazo, maana zinataka kibali, ila ukichochea mkaa wa Garissa kwa chuma gizani cheche zinaruka vizuri tu, na wageni walipiga makofi.

Baba Neema, ambaye hawezi kula bila kusomesha, akawaambia wapwa zake kwamba hata hapa Julai 4 ina historia: siku hiyo mwaka 1990 ndipo wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walipokamatwa, siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba waliouitisha kudai vyama vingi. Ulikuwa ufanyike wapi? Kamukunji. Watoto wote wakaligeukia jiko kama vile nalo lilikuwepo.

Saba Saba yenyewe kwenye friji yetu imeandikwa mara mbili, kwa sababu tangu 2022 ndiyo pia Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO. Nilikuwa nimepanga samaki wa kupaka na sheria ya nyumba: neno lolote la Kiingereza, shilingi kumi kwenye mkebe. Samaki ningemchukua City Market. Lakini Julai 7 hiyo ya 2025 barabara za kuingia mjini zilifungwa na polisi tangu alfajiri kwa sababu ya maandamano, na kufikia jioni habari zilikuwa za watu waliouawa. Hatukuwasha. Jiko lilikaa chini ya turubai, Shosho akakaa na redio yake, na hakuna aliyetaja kalenda.

Samaki tulimla Jumamosi. Changu mzima, amepasuliwa mgongoni, amelowekwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili, anachomwa Limuru ngozi ikiwa juu, kisha unampaka rojo zito la tui na ukwaju kwa brashi, unafunika. Mfuniko wa pipa unafanya kazi hapa ambayo jiko la wazi haliwezi: moshi unazunguka, tui linakauka polepole, rangi inakuwa ya dhahabu yenye madoa meusi. Mama Swafiya alikula bila kusema neno, na kwa mtu wa Lamu mbele ya samaki wa mwanamke wa Mombasa, hiyo ni sifa. Mkebe nao ulikusanya shilingi 340, karibu zote za wale wa Houston.

Hapo hapo ndipo mpini ulipoonyesha ubaya wake. Ni chuma kitupu, kimechomelewa kwenye mfuniko, kinapata moto sawa na mfuniko. Niliunguza vidole viwili. Fundi hana mbao ya kuuvika, au hataki, aliniambia “tumia kitambaa.” Nimeuzungushia kamba ya katani mwenyewe. Kwa 4,200 nilitegemea mpini wa kushikika.

Siku ya aiskrimu, Jumapili ya tatu ya Julai, ni agizo la Rais Reagan la mwaka 1984, na Reagan hakuwahi kukaa Umoja mwezi wa Julai. Tulikaa juu ya paa tumejifunika mablanketi, tukachoma ndizi mbivu na maganda yake mpaka zikawa nyeusi, tukazipasua, tukamwagia aiskrimu ya vanila. Nzuri mno, nakiri. Baridi ilipozidi binamu wakataka jiko liingizwe chumbani liwape joto. Hapana, na hili silifanyii mzaha: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko hili ni la nje.

Tikiti maji la Agosti 3 tulilichoma pia, vipande vyenye chumvi na pilipili. Msijaribu.

Mambo mengine haraka. Linameza mkaa, mikebe mitatu kwa sherehe moja. Miguu yake ni sawa, paa letu ndilo lina mteremko wa maji ya mvua, kwa hiyo tumeweka kipande cha tofali chini ya mguu mmoja. Msiliache linyeshewe; kutu ilianza kwenye maungio wiki ya nne. Jiko nalipa nyota nne kati ya tano, na ile moja imebaki kwenye mpini.

Wiki iliyopita bawaba moja ilikatika, nikalirudisha Kamukunji na Jabali akanifuata. Fundi akaligeuza, akaangalia masizi, akauliza, “Kwani mnachoma nini hivi kila siku?” Jabali akamhesabia kwa vidole: Madaraka, Idd, donati, Marekani, Kiswahili, aiskrimu, tikiti.

“Na ya mafundi hamna?”

“Iko. Mei Mosi.”

Fundi akavuta miwani yake nyeusi machoni. “Hiyo siku nilikuwa hapa, nawakatia pipa,” akasema, akawasha mtambo wa kuchomelea. Bawaba ilikuwa shilingi 150.