“Nyingine?”: Uzoefu wangu na mtathmini wa sarafu za kale kwa picha

Nimelipia huduma ya kutathminiwa sarafu kwa picha za simu, na nilichopewa ni ujumbe wa sauti usiofika hata nusu dakika, uliomalizikia kwa neno moja ambalo mpaka leo linanikera kuliko hukumu yenyewe. Neno hilo ni “Nyingine?”

Mtathmini huyo yuko Mbeya mjini na mimi niko Tukuyu. Nilielekezwa kwake na mtu ninayemheshimu, aliyeniambia kuwa kijana anazijua sarafu za Mjerumani kama mwalimu anavyolijua daftari la mahudhurio. Ada yake ni shilingi 10,000 kwa kila sarafu, nami sikuona kuwa ni nyingi, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kuzunguka mjini na urithi wa babu mfukoni, ingenigharimu zaidi. Nilituma picha za sarafu mbili, nikalipa kwa simu, nikaandika salamu ndefu ya adabu pamoja na maelezo ya zilikotoka. Hilo lilikuwa mwishoni mwa masika, wakati ambao huku kwetu ukungu unaweza kukaa dirishani mpaka saa tano asubuhi.

Ya kwanza ni rupia ya fedha ya mwaka 1890, ile ya kampuni ya Kijerumani iliyotangulia serikali yao, yenye Kaiser Wilhelm wa Pili mwenye kofia iliyotuliwa na tai upande mmoja, na simba mbele ya mtende upande wa pili. Ya pili ni kipande cha hela 20 cha mwaka 1916, cha shaba nyekundu, kilichopigwa chapa Tabora katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Waingereza walikuwa wamefunga njia ya bahari na sarafu haziwezi tena kuletwa kutoka Ujerumani. (Vijana wanaosema “sina hela” kila siku wangefurahi kukishika, maana ndilo neno lenyewe, limeandikwa pale kwa Kijerumani: “Heller”.) Babu alirudi navyo vyote viwili kutoka kwenye upagazi, na kwa miaka yote hiyo vimekaa kwenye kopo la majani ya chai.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu, bila shikamoo, bila habari za huko: “Mzee, hiyo ya fedha imesuguliwa, haina kitu. Hiyo nyekundu imechoka. Nyingine?”

Nililisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili. Mtu anayechagua ndizi Kiwira kwenye dirisha la basi huuliza “nyingine?” kwa sauti ya namna ile ile. Ningekubali kuambiwa kwamba sarafu zangu hazina thamani sokoni. Sikukubali kuambiwa hivyo na mtu ambaye hakuomba hata picha moja ya ziada.

Kwa maana picha moja haitoshi, na yeye anajua hivyo kuliko mimi. Sarafu ambayo haijaguswa ina mng'ao unaotokana na madini yake kusukumwa kwa nguvu wakati wa kupigwa chapa, na mng'ao huo hutambulika sarafu inapoinamishwa polepole chini ya taa moja, mwanga ukazunguka usoni mwake kama mikono ya gurudumu la baiskeli. Picha haizunguki. Ukipiga kwenye mwanga uliotawanyika, kama ule wa ukungu wa dirishani kwangu, mng'ao unalala na mikwaruzo myembamba inajificha. Ukipiga kwa mwanga mkali wa simu yenyewe, uso wote unakuwa mweupe na Kaiser anaonekana kama aliyepakwa chokaa. Simu za siku hizi, kwa kutaka kurembesha sura za watu, hulainisha na sarafu pia. Ukingo nao haukuonekana kabisa katika picha zangu, wakati ukingo ndiko kunakoonekana alama za kulehemu pale ambapo sonara aliunga kitanzi ili rupia igeuzwe kidani, jambo ambalo si geni kwetu. Mtathmini makini angesema: inamisha, piga tena, nionyeshe ukingo. Huyu alisema “nyingine”.

Hapo ndipo ninapopaswa kukiri jambo ambalo sikuliandika katika salamu yangu ndefu. Kila mkesha wa Krismasi, nilipokuwa mdogo, mama alitukalisha uani tusugue sufuria kwa majivu na mchanga, na rupia ya babu ilitolewa koponi nayo ikasuguliwa, ili wageni wakija waione inang'aa. Mimi ndiye niliyeisugua. Nililikumbuka hilo papo hapo niliposikia neno “imesuguliwa”, na nadhani hasira yangu ilianzia hapo, kwa sababu kijana asiyenijua alikuwa ameuona mkono wangu wa utotoni kwa kutazama picha mbaya ya simu.

Baadaye, jua lilipotoka, niliichukua rupia na lenzi ya kukuzia, nikaitazama kwa haki. Mikwaruzo ipo, imelala sambamba, yote ikielekea upande mmoja na kupita juu ya shavu la Kaiser moja kwa moja mpaka kwenye herufi, tofauti na makovu ya kupita mkono kwa mkono, ambayo hutawanyika bila mpango kwa sababu sarafu hugongana na wenzake huku na kule. Uchafu mweusi umebaki kwenye pembe za herufi tu, huku uwanda, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala maandishi, ukiwa mweupe kupita kiasi. Bila shaka hicho ndicho alichokiona. Kuna kipimo cha alama 1 hadi 70 ambacho Mmarekani William Sheldon alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kwao na ambacho sasa hutumika kwa sarafu za kila nchi, lakini iliyosuguliwa namna hii kwa kawaida hunyimwa alama hiyo ya kawaida hata kama tai wa kofia bado ana manyoya. Kwa hiyo juu ya rupia alikuwa sahihi. Nilikuwa nimempa nyota moja. Nikaifuta, nikampa tatu.

Kisha nikakitazama kile kipande cha Tabora, nikazitamani nyota zangu zirudi.

Alisema kimechoka, na ni kweli kwamba taji halikukolea na baadhi ya majani ya shada ni hafifu. Lakini sarafu za Tabora zilitengenezwa kwenye karakana ya reli kwa mitambo ya dharura, na nyingi zilitoka zikiwa na chapa dhaifu tangu siku ya kwanza. Kuchoka na kupigwa vibaya ni mambo mawili. Sehemu iliyochoka huwa imelainika na kung'aa kama kizingiti cha mlango kilichokanyagwa miaka mingi. Sehemu ambayo chapa haikufika hubaki na ukwaru wa shaba ilivyokuwa kabla ya kupigwa. Yangu ina ukwaru huo juu kabisa ya taji, mahali ambapo mikono ya watu ingeuondoa kwanza. Hili halionekani kwenye picha iliyopigwa ukunguni, na ndiyo maana mtu mwenye taaluma hukaa kimya au huuliza, hahukumu.

Kwa hiyo sijui niwashauri nini. Jicho lake ni zuri, la kutisha hata. Ulimi wake ni wa kijiweni. Nikiifikiria rupia namwonea haya. Nikiusikiliza tena ule ujumbe natamani anirudishie shilingi 10,000 moja, ile ya Tabora, pamoja na shikamoo aliyoninyima.

Juzi asubuhi, anga likiwa safi, nimeweka kipande cha Tabora kwenye kitambaa cheusi, nikakipiga picha sita: mbili za ana kwa ana, mbili nikikiinamisha kushoto na kulia chini ya taa moja, na mbili za ukingo. Nimemtumia zote, safari hii bila salamu, nikalipa ada upya na kuandika neno moja tu: “Hii.”

Alama za bluu zimeonekana. Bado hajajibu.