Montesa Cota 301RR: nimeipandisha mawe ya Yorkshire, haya ndo maoni yangu

Wakuu niseme mapema tu, hii Montesa 301RR ndo pikipiki ya kwanza ya trial yenye injini ya stroku nne ambayo nimekaa juu yake, sorry, nimesimama juu yake maana siti haina, na sikutamani stroku mbili hata kidogo. Najua watu watabisha. Huku kaskazini mwa Uingereza stroku mbili wanaipenda mno, wengi wamekua wakimwangalia Dougie Lampkin, kijana wa hukuhuku Yorkshire, akibeba ubingwa wa dunia 1997 mpaka 2003 mfululizo, kwanza na Beta halafu na Montesa, zote stroku mbili. Kwa hiyo mtu akisikia stroku nne anakwambia nzito, inavuta nyuma ukiachia mafuta, inazimika ghafla kwenye kona. Mimi pia nilienda pale na mawazo hayohayo.

Kwa asiyefuatilia, trial siyo mbio. Unapewa kipande cha njia, mawe, mizizi, mto, kilima cha matope, wamekiwekea alama na kuna mtu amesimama anakuhesabia. Ukitia mguu chini mara moja pointi 1, ukianguka au pikipiki ikizimika huku umetia mguu, pointi 5. Mwenye pointi chache ndo mshindi. Kwa hiyo spidi haina maana yoyote, unachohitaji ni injini inayokusikiliza ukiwa unatembea taratibu kuliko mtu wa miguu.

Na hapo ndipo hii mashine imenishika. Cc zimepanda, ile 300RR iliyotangulia ilikuwa 288 hii ni 298, kwenye karatasi tofauti ndogo, ila ukiwa gia ya pili chini ya jiwe limelowa ukaigusa mafuta kidogo tu tairi la nyuma linauma, halichezi, linauma na kupanda. Stroku mbili ya 300 pale mara nyingi inataka uishike kwa klachi la sivyo inazungusha tairi hewani. Hii inasukuma taratibu tangu chini kabisa, unasikia kila pigo la injini kwenye vikanyagio, halafu ukitaka kuruka juu ya ukuta wa mawe unaiamsha na inaamka kwelikweli, tena kwa sauti nzito ambayo mimi binafsi naipenda sana.

Kitu kingine, haina betri. Ina mfumo wa sindano za mafuta wa Honda, PGM-FI, lakini umeme wote unatoka kwenye kiki, unapiga teke moja pampu inaamka, kompyuta inaamka, plagi inapiga. Montesa wanafanya hivi tangu Cota 4RT ya 2005 na bado kila nikipiga kiki nashangaa, hasa injini ikiwa ya moto, maana pikipiki iliyoangushwa kwenye maji huku saa yako inakimbia ndo wakati unaotaka iwake bila maneno mengi. Iliwaka. Mkononi kuna kamba ya sumaku, ukidondoka inachomoka na injini inazima yenyewe, jambo la usalama ambalo natamani kila pikipiki ya matope iwe nalo.

Kurudi nyuma kwa injini ukiachia mafuta, ile wanayoilalamikia, ipo. Ila kwenye mteremko wa utelezi niliona ni faida, unashuka na gia ya kwanza vidole viko juu ya breki tu huvibani, pikipiki inajishika yenyewe. Kwenye kona za kubana sana inabidi uguse klachi kidogo ili isikukabe, na klachi ni ya haidroliki, laini, kidole kimoja kinatosha siku nzima. Shokapu, mbele na nyuma, ukitua kutoka juu ya mwamba hazikurushi, ila kwa mwili wangu mwembamba nyuma niliona pagumu, ningelegeza kabla ya kuipeleka popote.

Sasa uzito. Kilo 70 na ushee, wakati za washindani wao, TRS na Gas Gas za stroku mbili, ziko chini ya 70. Ikiwa inatembea huoni. Ukiishika kwa mikono kuigeuza juu ya jiwe baada ya kushindwa, unaona, na mwisho wa siku mabega yanakwambia. Kijana mwenye nguvu hatajali, mtu wa miaka yangu alifikirie vizuri. Na tangi ni kama lita 2 tu kwa hiyo lazima mtu awe na galoni karibu, ukitaka safari za milimani kutwa nzima Montesa hao hao wana 4Ride yenye siti na tangi kubwa zaidi, chukua hiyo.

Toni Bou amebeba ubingwa wa dunia kila mwaka tangu 2007 na mashine za familia hii, zinatengenezwa Santa Perpètua de Mogoda pale nje ya Barcelona. Jamaa angeshinda na chochote nadhani, ila kusema stroku nne haiwezi trial, hapana, hiyo hoja imeshakufa muda mrefu.

Bei ni kali, hilo sifichi, na kwa anayeanza ile Cota 260 yenye injini ndogo inatosha kabisa, ni tulivu zaidi na hela inayobaki utanunua matairi. Ila kama tayari unajua unachofanya na klabu yako inapita mito na mawe ya kulowa, omba kuijaribu, na uombe siku ya mvua. Pakavu utaiona ya kawaida tu.