Nimeunda mwenyewe pedali ya tremolo: uzoefu wangu

Kama unapiga gitaa la umeme na mkono wako umezoea lehemu hata kidogo, seti hii ya vipuri vya pedali ya tremolo, yaani kifaa cha kukanyaga kinachofanya sauti ya gitaa iwe kubwa na ndogo kwa mfululizo, nakushauri uichukue. Nimeiunda mwenyewe na sasa haitoki kwenye mstari wa pedali zangu. Ina kasoro, na moja nitaieleza kwa kirefu, lakini sauti yake ni tamu kweli.

Ndani yake kuna chipu mbili za TL072, chipu ya kukuza mawimbi ya umeme. Moja inatengeneza wimbi la polepole linaloiwasha na kuififisha taa ndogo ya LED. Nyingine inabeba sauti ya gitaa. Taa hiyo inatazamana na LDR, yaani rezista inayobadilika kwa mwanga. Mwanga ukiongezeka ukinzani unashuka, mwanga ukipungua unapanda, na sauti ya gitaa inafuata: inavimba, inanywea, inavimba tena. Amplifaya nyingi za Fender za miaka ya 1960 zilitumia mbinu ya namna hii, ila zao zilikuwa na taa ya neoni. LDR haikurupuki. Mwanga ukizimika, inachelewa kidogo kurudi ilikokuwa, na uchelewaji huo ndio unaolainisha kingo za wimbi. Ndiyo maana naipenda kuliko saketi za kidijitali nilizowahi kupiga.

Kazi ya kulehemu ni ya kawaida. Anza na rezista, kisha soketi za chipu, kapasita zije mwisho. Mistari ya rangi inayoonyesha thamani ya rezista hizi za bluu inachosha macho, nyekundu na kahawia zinafanana mno, hivyo kila rezista ipime kwa multimita (kipimo cha umeme na ukinzani) kabla haijakaa kwenye bodi. Swichi ya mguu yenye miguu tisa usiichome muda mrefu, plastiki yake ya ndani ikiyeyuka imekwisha. Hapa nina lawama kwa walioandaa maelekezo: mchoro wa swichi hausemi kama tunaitazama kwa juu au kwa chini. Tumia multimita kujua mguu upi unaungana na upi, ndipo uunge waya.

Sehemu ya kuipa muda ni LED na LDR. Zielekeze uso kwa uso ndani ya mpira mweusi unaosinyaa kwa joto, kisha ubane ncha zote mbili. Nilipomaliza niliweka multimita kwenye miguu ya LDR, pedali ikiwa haina umeme na LDR haijaungwa kwenye bodi, nikamulika tochi pande zote. Namba ikitikisika, mwanga unapenya, na pedali itabadilika tabia kila kifuniko kikifunguliwa au taa ya jukwaani ikiipiga. Yangu ilipitisha kidogo pale miguu inapotokea. Tone la gundi nyeusi likamaliza kazi.

Sasa ile kasoro. Ilipowaka mara ya kwanza, chini ya sauti ya gitaa kulikuwa na tiki, tiki, tiki, ikifuata kasi ya wimbi. Seti inafika hivyo, na maelekezo hayagusii kabisa. Sababu ni kwamba sehemu inayotengeneza wimbi inaruka ghafla kutoka juu kwenda chini, na kila inaporuka inavuta umeme kwa mkupuo. Mkupuo huo unasafiri kwenye waya wa umeme na wa ardhi (unaorudisha umeme kwenye chanzo) hadi upande wa gitaa. Dawa yake ni vipuri viwili: rezista ya omu 100 kwenye njia ya umeme inayolisha chipu ya wimbi, na kapasita ya maikrofaradi 100 kutoka hapo kwenda kwenye waya wa ardhi. Waya za ardhi za pande mbili nazo zitenganishe, zikutane mahali pamoja tu, kwenye soketi ya adapta. Baada ya hapo kwangu kimya kilirudi. Wengi huitupa pedali kabatini kwa ajili ya tiki hiyo, wakati tiba ni rahisi hivi.

Potenshometa ya kasi, yaani rezista inayozungushwa kwa nobu, nayo niliibadili. Inayokuja ni ya B, ambayo ukinzani wake hubadilika kwa hatua sawa, na kasi zote za haraka zimebanana mwishoni kabisa mwa mzunguko. Ya C, ambayo ukinzani wake haubadiliki kwa hatua sawa, inazisambaza vizuri. Mfano, wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, tremolo ya mara 4 kwa sekunde inaangukia kwenye nusu-mapigo, na sasa naifikia bila kuhangaika. Ndani kuna kirekebisho cha sauti pia. Kipandishe kidogo, maana tremolo ikiwashwa sikio husikia kama gitaa limepungua.

Iweke baada ya distoshoni, yaani pedali inayokwaruza sauti. Ikitangulia, distoshoni inalibana wimbi na unabaki na mkwaruzo unaokuja na kuondoka. Kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) safi zinazoachwa zilie, kasi ikiwa chini na kina, yaani kiasi cha kuvimba na kunywea, kikiwa katikati, hapo sijaona cha kuishinda.

Kwa kasi kubwa ni tofauti. LDR haipati nafasi ya kurudi gizani, na kina kinapungua hata nobu ikiwa mwisho. Kama muziki wako unataka sauti ikatwe vipande vipande, chukua saketi inayotumia transista badala ya mwanga.